Gemu za bure kwenye kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo majirani, wazazi na vijana wa mtaani hapa Dar es Salaam huyarudia kila mara kuhusu gemu za kompyuta. Majibu yanalenga zaidi kompyuta za Windows za kawaida, hasa zile za ofisini zilizotumika ambazo wengi wetu tunazinunua Kariakoo. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lako.

## Mambo ya mwanzo

1. Gemu ya bure ni bure kweli, au kuna mtego?

Zipo za aina nne, na watu huumia kwa kuzichanganya.

Aina ya kwanza ni gemu huria. Waliozitengeneza wameziachia kwa leseni inayokuruhusu kucheza, kukopi, kumpa mwenzako, hata kuzibadilisha. Humo wamo SuperTuxKart, 0 A.D., The Battle for Wesnoth na OpenTTD. Hazina duka ndani yake wala matangazo.

Aina ya pili unaingia bure, ila ndani kuna vitu vya kuuzwa: nguo za wahusika, rangi za silaha, wachezaji wa mpira. Dota 2, Counter-Strike 2, Fortnite na eFootball ziko hapa. Unaweza kucheza bila kulipa hata senti, lakini kampuni inaishi kwa mauzo hayo, kwa hiyo kila ukigeuka utaonyeshwa duka.

Aina ya tatu ni gemu za kulipia zinazogawiwa bure kwa muda maalumu. Aina ya nne ni za wizi, na hizo zina swali lake la 13.

Mimi nasisitiza aina ya kwanza, na sababu yangu siyo bei tu. Hapa kwetu gharama kubwa ya gemu ya bure ni bando. Gemu huria ukishaipakua mara moja unaiweka kwenye flashi, unampa jirani, na jirani anampa shemeji yake Mbagala, yote kihalali na bila mtu mwingine kuunguza MB. Ndiyo maana kabla ya kuuliza gemu inauzwaje, uliza ina GB ngapi na kama inachezeka bila intaneti.

2. Nizitafute wapi?

Gemu huria zichukue kwenye tovuti ya gemu yenyewe. Usipite kwa mtu wa kati.

Ukitaka duka lenye gemu nyingi za bure, Steam ndiyo kubwa kuliko zote. Lipo tangu 2003 na lina sehemu nzima ya zisizolipiwa. Epic Games Store, lililofunguliwa Desemba 2018, hutoa gemu ya kulipia bure kila wiki, na mabadiliko hufanyika Alhamisi. Ukiichukua ndani ya muda inabaki kwenye akaunti yako. Kuichukua hakuhitaji kuipakua hapo hapo: unaingia kwa brauza, hata ya simu, unabonyeza kuipokea, unaondoka. Ukipata intaneti nzuri baada ya miezi sita utaikuta inakusubiri.

GOG ina faida moja kubwa kwetu. Faili la kusakinisha unalipata zima, unalihifadhi, na unalitumia bila kuunganishwa na mtandao. Baadhi ya gemu zake za zamani ni za bure kabisa, mfano Beneath a Steel Sky ya 1994. Itch.io nayo imejaa gemu ndogondogo za watengenezaji binafsi. Ubora wake unapishana sana, lakini nyingi ni nyepesi mno.

3. Nitajuaje kama kompyuta yangu itaiweza?

Shikilia kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye jina la prosesa na kiasi cha RAM. Nenda sehemu ya Display uone kadi ya michoro. Ukikuta imeandikwa Intel HD Graphics, maana yake huna kadi ya peke yake. Michoro inatumia RAM ileile ya kompyuta. Kompyuta nyingi za ofisini ziko hivyo, na siyo ubovu.

Halafu linganisha na mahitaji ya chini yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa gemu. Kama una RAM kijiti kimoja cha GB 4 na kuna nafasi tupu, kuongeza cha pili kinachofanana nacho kunasaidia mara mbili: unapata RAM zaidi, na michoro ya Intel inaenda haraka kwa sababu vijiti viwili hufanya kazi sambamba. Mtu akikuambia ununue kompyuta nyingine, jaribu hili kwanza.

4. Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM GB 2 na Windows 7. Nikate tamaa?

Hapana, ila sahau Steam. Tangu Januari 1, 2024 Steam haihudumii tena Windows 7 wala 8. OpenTTD ni nyepesi sana, na matoleo yake ya zamani bado yanapatikana kwenye tovuti yake. Programu ya ScummVM inaendesha gemu za hadithi za miaka ya tisini kwenye mashine dhaifu kabisa, ikiwemo ile Beneath a Steel Sky.

Kompyuta ya Windows 7 usiitumie kwa mambo ya benki wala nywila muhimu, maana haipokei tena marekebisho ya usalama. Windows 10 pia ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine ya namna hiyo iachie gemu zisizohitaji mtandao, au weka Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, ambayo ni ya bure na ina gemu nyingi huria kwenye hazina yake.

## Gemu zenyewe

5. Nianze na ipi?

Kama nyumba ina watu zaidi ya mmoja, anza na SuperTuxKart. Ni mbio za vigari, haifiki GB 1, na watu wawili wanacheza kwenye kibodi moja, skrini ikigawanyika. Wengi hukwama hapo kwenye watu wawili, kwa hiyo fanya hivi: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti, ongeza kibodi ya pili, kisha mpe mchezaji wa pili herufi za upande wa kushoto, mfano W, A, S na D. Wa kwanza abaki na mishale. Rudi nyuma, chagua mchezo wa watu wengi, na kila mmoja abonyeze kitufe chake cha kurusha ili ajiunge. Wakishajiunga wote wawili, jiandae kwa kelele.

Mpenda vita na kujenga himaya aende 0 A.D. Unakusanya chakula, mbao, mawe na chuma, unajenga mji, unalinda mipaka. Tangu toleo la 2018 wamo Wakushi, watu wa Meroe kwenye Mto Nile katika Sudan ya leo, na piramidi zao unazijenga mwenyewe. Kijana aliyezoea kuona himaya za Roma na Ugiriki peke yake anakutana na Waafrika wenye tembo wa vita na wapiga mishale wao. Hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi kwenye diski. Inazidi GB 1 kuipakua, na vita ikiwa na askari wengi kompyuta dhaifu inalemewa. Chagua ramani ndogo na maadui wachache.

The Battle for Wesnoth, iliyoanza 2003, ni ya zamu. Unasogeza jeshi lako, unakaa, mwenzako anasogeza lake. Hakuna haraka, kwa hiyo inafaa hata kwa kompyuta inayojivuta, na hata kwa mtu mzima ambaye vidole vyake havina mbio. OpenTTD inakupa kampuni ya usafirishaji: treni, mabasi, meli, ndege. Ukianza saa mbili usiku, angalia saa.

6. Mwanangu ana miaka sita. Kuna za watoto zisizo na matangazo?

Zipo, na ni nzuri kuliko nyingi zilizoko kwenye simu. GCompris ina shughuli zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 hadi 10: kuhesabu, herufi, kutumia mausi, saa, ramani. Tux Paint ni ya kuchora, na kila kitu humo kina sauti na mihuri ya kubandika. Zote mbili ni huria na zinacheza bila intaneti. Mama au baba ukishazisakinisha, chomoa kabisa modemu, mtoto akae nazo kwa utulivu.

Mtoto wa miaka minane au zaidi mpe Scratch. Humo anatengeneza gemu yake mwenyewe kwa kupanga vipande vya amri, na lugha ya Kiswahili imo kwenye orodha ya lugha zake. Kuna toleo la kusakinisha lisilohitaji mtandao.

7. Mimi nataka mpira tu. Upo wa bure?

Upo eFootball wa Konami, uliochukua nafasi ya PES mwaka 2021. Ni wa aina ya pili kwenye swali la 1, unahitaji intaneti, na ni mzito. EA Sports FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA, siyo ya bure.

Zile PES za zamani zinazogawiwa kwenye flashi zikiwa zimevalishwa jezi za Simba na Yanga, mapambo ni ya vijana wetu na kazi yao naiheshimu, lakini gemu yenyewe ni mali ya kampuni na haikutolewa bure. Kwa upande wa gemu huria, mpira wenye timu halisi ndipo palipo na pengo.

8. Kuna chesi, drafti au karata?

Chesi nenda tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa 2010. Haina matangazo wala malipo, na inakula MB kidogo sana. Drafti kuna Lidraughts, yenye sura hiyohiyo. Soma kanuni kabla ya kuanza, maana kanuni za kijiweni kwako zinaweza kutofautiana na za kule. Karata unazipata kwenye duka la Microsoft ndani ya Windows, ila siku hizi zina matangazo.

## Bando, umeme na flashi

9. Gemu inakula GB ngapi?

OpenTTD haifiki MB 50. Wesnoth na SuperTuxKart ni mamia ya MB kila moja. Ukiingia kwenye majina makubwa hesabu inabadilika kabisa: Steam yenyewe inataka uwe na nafasi ya GB 60 kwa Dota 2 na GB 85 kwa Counter-Strike 2, na masasisho yanakuja mara kwa mara. Mtu wa bando la siku asijaribu hizo. Soma kwanza swali la 11.

10. Bando linaisha kabla gemu haijamaliza kushuka. Nani anakula?

Mara nyingi ni Windows yenyewe. Ukiwasha hotspoti ya simu, kompyuta inadhani imepata wifi ya ofisini na kuanza kuvuta masasisho yake. Fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la hotspoti yako, washa sehemu iliyoandikwa «Metered connection». Hapo Windows inajua intaneti hiyo ni ya kupimwa na inapunguza sana kujivutia mambo yake.

Steam nayo ina tabia hiyohiyo. Kwenye mipangilio yake ya kupakua, ipangie masasisho yafanyike usiku tu, hasa kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu. Na umeme ukikatika katikati, Steam huendelea pale ilipoishia. Brauza mara nyingine hushindwa. Gemu huria kadhaa, 0 A.D. ikiwemo, hutoa torenti rasmi kwenye tovuti yao, yaani faili dogo linaloifanya programu maalumu ishushe gemu vipande vipande. Pakua kwa programu ya qBittorrent, hata umeme ukatike mara tano hupotezi ulichokwishapata.

11. Rafiki yangu Sinza ana faiba. Anaweza kunishushia?

Ndiyo. Gemu huria akukopie faili la kusakinisha tu, basi.

Gemu ya bure ya Steam pia inawezekana. Yeye aipakue, kisha akopi folda yake kutoka kwenye steamapps\common kwenda kwenye diski ya nje. Wewe ibandike sehemu hiyohiyo kwenye kompyuta yako, fungua Steam kwa akaunti yako na ubonyeze kusakinisha. Steam itakagua, ikute mafaili yapo, na kuvuta yale tu yaliyopungua. Kama kompyuta zote mbili ziko kwenye ruta moja, tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine bila kuipakua upya.

12. Flashi ina nafasi GB 20 lakini inakataa faili la GB 6. Mbovu?

Siyo mbovu. Imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi hata nafasi iwe tele. Hamisha vilivyomo, bonyeza kulia kwenye flashi, chagua Format, halafu exFAT. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu.

## Usalama

13. Kuna jamaa anauza gemu zilizokrakiwa, kila moja bei ya soda. Ubaya uko wapi?

Kwanza ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na chombo kinachosimamia hakimiliki nchini ni COSOTA. Kazi ya mtu inauzwa na asiyeitengeneza.

Pili, na hapa ndipo ninapoona watu wakilia, kraki nyingi (faili za kuvunja kinga ya gemu ichezwe bila kulipiwa) huja na maelekezo ya kuzima antivirusi kabla ya kusakinisha. Ukishaizima umemfungulia mlango mtu usiyemjua, kwenye kompyuta ileile yenye barua pepe yako, picha za familia na ada za shule ulizopiga hesabu. Gemu yoyote inayokuomba uzime antivirusi, ifute. Hakuna gemu huria inayoomba hivyo.

14. Ukurasa una vitufe vitano vya kupakua. Kipi cha kweli?

Kama vipo vitano, toka. Umeingia kwa mtu wa kati anayeishi kwa matangazo. Rudi kwenye tovuti ya gemu yenyewe.

Ukiwa umeshapakua na una mashaka, angalia ukubwa na mwisho wa jina la faili. Gemu kubwa haiwezi kuwa na MB 2. Jina linaloishia .mp4.exe au .jpg.exe ni hila. Kwa kawaida Windows huficha herufi hizo za mwisho, kwa hiyo washa zionekane kwenye sehemu ya View ya folda. Faili dogo unaweza kulipandisha kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako linakaguliwa na antivirusi nyingi kwa wakati mmoja.

15. Nimekopi gemu kijiweni, sasa folda zote kwenye flashi zimekuwa shotikati!

Tulia, na usizibonyeze. Mara nyingi mafaili yako bado yapo. Kirusi kimeyaficha na kuweka shotikati zenye majina yaleyale ili ukibonyeza ujiambukize mwenyewe. Iskani flashi kwa Windows Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt, na kama flashi ni herufi E, andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Bonyeza Enter, subiri, folda zako zitaonekana. Futa zile shotikati. Kompyuta ya kijiweni nayo ina kirusi, mwambie mwenye nayo, la sivyo kesho flashi inarudi kuwa vilevile.

16. Gemu ya bure inaniomba namba ya kadi. Niweke?

Usiweke. Steam na Epic hazihitaji kadi kwa gemu za bure. Nyumba yenye watoto usihifadhi kadi kwenye akaunti ya gemu kabisa, kwa sababu iliyoelezwa kwenye aina ya pili ya swali la 1.

## Mambo yanayosumbua baadaye

17. Nikicheza na watu mtandaoni napigwa kabla sijaona adui. Kompyuta au mtandao?

Angalia namba ya ping kwenye gemu, yaani milisekunde ambazo ujumbe hutumia kwenda kwenye seva na kurudi. Ikiwa juu ya 150 tatizo ni njia, siyo mashine. Dota 2 ina seva Afrika Kusini na Dubai. Chagua mwenyewe moja, cheza, linganisha na nyingine, maana kampuni yako ya simu inaweza kupitisha njia ndefu kwenda ile unayodhani iko karibu. Waya wa mtandao ni bora kuliko wifi, na wifi ya ruta ni bora kuliko hotspoti ya simu iliyowekwa dirishani.

18. Pedi niliyonunua inawaka taa lakini gemu haiioni.

Pedi nyingi za bei nafuu zinatumia mfumo wa zamani ambao gemu mpya haziusikilizi. Angalia kama ina swichi au kitufe cha kubadilisha modi. Shikilia kitufe cha katikati sekunde chache. Ikishindikana, ongeza gemu kwenye Steam hata kama haikutoka Steam, kisha washa mipangilio ya pedi. Steam itaitafsiri. Pedi ya PS4 nayo inafanya kazi kwa waya namna hiyohiyo.

19. Baada ya nusu saa kompyuta inazimika yenyewe.

Joto. Dar kuanzia Desemba hadi Machi chumba tu ni moto, na kompyuta iliyotumika huja na vumbi la miaka. Izime, ichomoe, fungua ubavu, pulizia vumbi kwenye feni ya prosesa ukiishikilia isizunguke. Kama bado, mwambie fundi abadilishe pesti ya joto juu ya prosesa. Kazi hiyo ni ya muda mfupi. Usiisukumize kompyuta ukutani wala kuifunika kitambaa cha meza.

Kuhusu LUKU, kompyuta ya ofisini inayotumia wati 100 ikicheza saa tatu inakula uniti 0.3. Feni na friji vinastahili lawama zaidi.

20. Tunaweza kucheza watu wanne bila bando hata kidogo?

Mnaweza. Ruta yoyote, hata isiyo na laini, inaunganisha kompyuta zenu. Simu yenye hotspoti iliyozimwa data pia inafanya. 0 A.D., OpenTTD na SuperTuxKart zote zinakubali mmoja awe mwenyeji na wengine wajiunge kwenye mtandao wa ndani. Hakikisheni wote mna toleo lilelile la gemu, ndiyo maana ni vizuri mkopi kutoka flashi moja. Windows itauliza kama iruhusu gemu kupita kwenye ukuta wa usalama. Mwenyeji akikataa hapo, wenzake hawatamwona.

21. Nataka kufungua kibanda cha gemu na kuwachaji watoto wa mtaa. Naruhusiwa kutumia za bure?

Gemu huria ndiyo. Leseni ya GPL, inayotumiwa na SuperTuxKart, Wesnoth, OpenTTD na 0 A.D., haikatazi biashara. Unamchaji mtu kwa kompyuta, umeme na kiti, na huhitaji kibali cha watengenezaji.

Za Steam ni tofauti. Akaunti ya kawaida ni ya matumizi binafsi, na vibanda vina mpango wake maalumu wa kujiunga. Za Epic ulizopokea bure kila Alhamisi nazo ni zako wewe, siyo za kibanda. Kwa upande wa serikali, kibanda ni biashara kama nyingine, kwa hiyo uliza leseni kwenye manispaa yako kabla ya kununua viti.